Mdhamini Kunyimwa Faili: Kisa cha Penn State na Nyaraka za Ripoti ya Freeh

Aprili 2015, wadhamini 7 wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, kinachojulikana zaidi kama Penn State, walipeleka ombi katika mahakama ya kaunti ya Centre dhidi ya chuo wanachokisimamia wao wenyewe. Hawakudai fidia. Walitaka kusoma nyaraka: maelezo ya mahojiano, barua pepe na kumbukumbu zilizokusanywa na timu ya Louis Freeh, mkurugenzi wa zamani wa FBI, katika uchunguzi wa namna chuo kilivyoshughulikia tuhuma za dhuluma ya kingono kwa watoto, uchunguzi uliokigharimu chuo zaidi ya dola milioni 8. Ripoti iliyotokana na uchunguzi huo ilikuwa imeshasomwa na kila aliyetaka kuisoma. Ushahidi uliotumika kuiandika ndio uliobaki chini ya kufuli, na miongoni mwa waliozuiwa kuufikia kwa uhuru walikuwamo watu wanaopiga kura ndani ya bodi ya chuo hicho.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu watu wengi wanakisoma vibaya. Wanaomtetea Joe Paterno, aliyekuwa kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani chuoni hapo, wanakisoma kama vita ya kumsafisha jina. Wanaomlaani wanakisoma kama jaribio la kufukua maumivu ya watoto ili kuokoa heshima ya timu. Ndani ya kelele hizo lipo swali la sheria ambalo halimtegemei Paterno hata kidogo: mtu aliyekabidhiwa dhamana ya taasisi anaweza kuzuiwa kusoma faili za taasisi hiyo, kwa hoja kwamba ni za siri? Jibu langu ni hapana, isipokuwa katika hali chache sana, na naamini mahakama iliamua sawasawa. Lakini ushindi ule ulikuwa na gharama zake, na baadhi ya waliogharimika hawakuwa na sauti kesini.

Yaliyotokea kabla ya mawakili

Jerry Sandusky alikuwa msaidizi wa kocha katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya Penn State kwa miongo mitatu, hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1977 alianzisha shirika la hisani, The Second Mile, la kusaidia watoto wa familia zenye shida. Humo ndimo alimowapata watoto aliowadhulumu kingono. Alikamatwa Novemba 2011, na Juni 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45 yaliyohusu wavulana 10. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 60. Baadaye chuo kililipa zaidi ya dola milioni 100 kumaliza madai ya waathiriwa.

Kulikuwa na dalili mapema. Mwaka 1998 polisi wa chuo walichunguza malalamiko ya mama mmoja kuhusu Sandusky na mwanawe, na mwendesha mashtaka hakufungua kesi. Februari 2001, Mike McQueary, kijana aliyekuwa akisaidia benchi la ufundi, alimkuta Sandusky na mtoto wa kiume bafuni, katika jengo la timu. Kesho yake alimweleza Paterno. Paterno alimfikishia Tim Curley, mkurugenzi wa michezo, na habari ikafika kwa makamu wa rais Gary Schultz na kwa rais wa chuo, Graham Spanier. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepeleka taarifa kwa idara ya ustawi wa watoto.

Miaka 10 baadaye yote yaliibuka kwa pamoja. Tarehe 9 Novemba 2011 bodi iliachana na Spanier na kumfukuza Paterno kwa simu, usiku. Paterno alifariki Januari 2012, kabla ya kuhojiwa na timu ya Freeh. Wakati huo Freeh alikuwa kazini tayari, kwa kuwa bodi ilimtangaza tarehe 21 Novemba 2011, chini ya kikosi kazi kilichoongozwa na mdhamini Kenneth Frazier, wakati huo mkuu wa kampuni ya dawa ya Merck.

Ripoti ilitoka tarehe 12 Julai 2012 ikiwa na kurasa 267. Ilisema timu ilifanya mahojiano zaidi ya 430 na kupitia barua pepe na nyaraka zaidi ya milioni 3.5. Hitimisho lake lilikuwa zito: Spanier, Schultz, Curley na Paterno walificha mambo muhimu na kuonyesha kutojali kabisa usalama wa watoto. Siku 11 baadaye shirika linalosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, NCAA, likatoa adhabu: faini ya dola milioni 60, marufuku ya miaka 4 ya kucheza mechi za baada ya msimu, kupunguzwa kwa nafasi za ufadhili wa wachezaji, na kufutwa kwa ushindi wote wa kuanzia 1998 hadi 2011. NCAA haikufanya uchunguzi wake. Ilitumia ripoti ya Freeh. Rais mpya wa chuo, Rodney Erickson, alitia saini kuikubali adhabu hiyo bila bodi nzima kuipigia kura.

Kwa hiyo ripoti hii ilifanya kazi kubwa kuliko ripoti nyingi za aina yake. Ilikuwa msingi wa faini, ikakwamisha timu, ikageuka hukumu ya umma juu ya watu ambao wakati huo hakuna mahakama iliyokuwa imewasikiliza. Mdhamini aliyeingia kwenye bodi mwaka 2012 au baadaye aliukuta msingi huo umeshajengwa, na kila uamuzi mkubwa uliofuata uliegemea hapo.

Barua pepe moja

Kuna barua pepe inayoonyesha kwa nini faili za nyuma ya ripoti zina uzito. Mwishoni mwa Februari 2001, Curley, Schultz na Spanier walikuwa wamekubaliana hatua za kuchukua, mojawapo ikiwa kuijulisha idara ya ustawi ya jimbo. Kisha Curley akawaandikia wenzake kwamba baada ya kulifikiria zaidi na kuzungumza na Joe, hakuwa na amani tena na hatua zile. Aliona afadhali wazungumze kwanza na Sandusky mwenyewe na kumhimiza atafute msaada wa kitaalamu. Spanier alikubali. Aliongeza kwamba hatari pekee kwao ni iwapo ujumbe hautasikika, na wao wakajikuta pabaya kwa kutoripoti.

Ukisoma maneno hayo ukiwa mzazi, unashikwa na baridi. Watu wazima wanapima hatari kwa ajili yao, na mtoto hatajwi. Hakuna faili inayoweza kuyaondoa.

Lakini soma tena sehemu inayomhusu Paterno. Curley anasema alizungumza na Joe. Hasemi Joe alimjibu nini. Ripoti ilichukua mazungumzo hayo kama jambo pekee linalojulikana kuwa lilitokea kati ya mpango wa kwanza na mpango wa pili, na ikampa Paterno sehemu ya lawama kwa mabadiliko hayo. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo timu ya Freeh haikumhoji Paterno, haikumhoji Curley wala Schultz ambao walikuwa wanakabiliwa na mashtaka, na haikumhoji McQueary. Mfasiri wa barua hiyo alikuwa mwandishi wa ripoti peke yake. Je, katika mahojiano zaidi ya 430 kuna mtu aliyesema jambo linaloimarisha tafsiri hiyo? Kuna aliyesema linaloidhoofisha? Jibu limo kwenye faili. Anayesoma ripoti peke yake analetewa chakula kilichokwisha kupikwa, hawezi kujua kilichoachwa jikoni.

Hapo ndipo madai ya wadhamini yaliponishika. Mdhamini haombi faili ili amgeuze Sandusky kuwa malaika. Anaziomba ili ajue kama taasisi yake ilikubali faini ya dola milioni 60 kwa hitimisho linalobebeka na ushahidi wake.

Namna ugomvi ulivyoingia bodini

Viti 9 katika bodi ya Penn State hujazwa kwa kura za wahitimu. Baada ya 2011 wahitimu walikuwa na hasira, na kuanzia 2012 walianza kuwachagua watu walioahidi kuihoji ripoti. Miongoni mwao walikuwa Anthony Lubrano, mfanyabiashara, Alice Pope, mwanasaikolojia, na Robert Jubelirer, aliyewahi kuwa kiongozi wa Seneti ya Pennsylvania. Walikuwa wengi vya kutosha kusikika, wachache mno kushinda kura. Oktoba 2014 walipendekeza bodi iipitie upya ripoti ya Freeh. Bodi ilikataa, ikaamua kusubiri kwanza kesi zilizokuwa mahakamani zifike mwisho.

Wakati huohuo rais mpya wa chuo, Eric Barron, alitangaza kwamba ataipitia ripoti na nyaraka zake yeye mwenyewe. Januari 2015 alieleza hadharani kwamba haipendi ripoti hiyo, na kwamba Freeh aliandika kama mwendesha mashtaka. Fikiria hali hiyo kwa mtazamo wa mdhamini. Rais anaajiriwa na bodi, anawajibika kwa bodi, na anaweza kufukuzwa na bodi. Yeye anazifungua faili na kutoa maoni yake kwa waandishi wa habari. Mwajiri wake anaomba kuziona, anawekewa masharti.

Na kwa raia wa kawaida hakukuwa na njia nyingine. Pennsylvania ina sheria ya haki ya kupata taarifa za serikali, iliyofanyiwa mageuzi makubwa mwaka 2008, lakini Penn State na vyuo vingine vichache vinavyopokea fedha za jimbo bila kuwa mali yake kamili viliachwa nje ya sehemu kubwa ya sheria hiyo. Hii ina maana kwamba wadhamini waliochaguliwa ndio pekee walioweza, kwa niaba ya watu wa nje, kuangalia ndani. Ukiwafungia hao, umewafungia wote.

Sheria inasemaje

Penn State kisheria ni shirika lisilo la faida, na sheria ya mashirika hayo Pennsylvania ina kifungu cha 5512 kinachohusu haki ya mkurugenzi kukagua. Kwa maneno yangu kinasema hivi: mkurugenzi ana haki, kwa wakati unaofaa, ya kukagua na kunakili vitabu, kumbukumbu na nyaraka za shirika, kwa kiwango kinachohusiana na utekelezaji wa wajibu wake. Akikataliwa anakwenda mahakamani. Mahakama inatakiwa kuamuru aruhusiwe kukagua, isipokuwa shirika lithibitishe moja kati ya mambo mawili: kwamba taarifa hizo hazihusiani na wajibu wake, au kwamba yumkini atazitumia kwa namna inayovunja wajibu wake kwa shirika.

Angalia nani anabebeshwa mzigo. Mdhamini hatakiwi kuthibitisha kwamba ana nia safi. Shirika ndilo linalotakiwa kuthibitisha kwamba ana nia mbaya, au kwamba anachokitaka hakimhusu. Huu ni mpangilio wa makusudi. Waliotunga sheria walijua kwamba walio wengi bodini, wakishirikiana na utawala, wanaweza kumziba macho mwenzao kwa kuchelewesha tu, kwa hiyo waliweka mzigo upande wenye funguo.

Suala la kama faili zilihusiana na wajibu wa wadhamini halikuwa gumu. Mwaka 2015 chuo kilikuwa bado kinashtakiwa: familia ya Paterno ilikuwa mahakamani, McQueary alikuwa na kesi yake dhidi ya chuo, ambayo jopo la raia waliosikiliza kesi lilimpa ushindi wa zaidi ya dola milioni 7 mwaka uliofuata. Bodi ndiyo inayoamua kulipa, kupatana au kupigana. Huwezi kumwambia anayeamua hayo kwamba ushahidi haumhusu.

Suala la matumizi mabaya lilikuwa na uzito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Wadhamini hawa waligombea viti kwa kuipinga ripoti. Walikuwa na wafuasi, vipaza sauti na msimamo uliojulikana. Chuo kilikuwa na sababu ya kuogopa kwamba kilichomo kwenye faili kingeishia magazetini na kutumiwa na wanaokishtaki. Lakini kuwa na msimamo si kuvunja wajibu. Mdhamini aliyechaguliwa kwa sababu anatilia shaka jambo fulani hawezi kunyimwa taarifa kwa sababu analitilia shaka. Tukikubali hoja hiyo, watakaoruhusiwa kusoma faili ni wale tu walioahidi mapema kwamba hawataona kasoro.

Siri ya wakili na mteja, na ahadi kwa waliohojiwa

Huu ndio moyo wa kisa.

Chuo kilitoa hoja mbili za siri, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kinga ya mawasiliano kati ya wakili na mteja. Freeh na timu yake walikuwa mawakili. Walichoandika na kuambiwa kinalindwa. Sawa, kinalindwa dhidi ya nani? Kinga hii ni mali ya mteja. Mteja alikuwa taasisi kupitia bodi yake, na wadhamini ndio bodi. Anayejibu kwamba mdhamini mmoja mmoja si bodi ana hoja ya kweli, kwani bodi huamua kwa wingi wa kura na mdhamini mmoja hawezi kuiondoa kinga hiyo peke yake. Lakini kuiondoa kinga na kusoma kilicho ndani yake ni vitu viwili. Ninayemruhusu kusoma akiwa ndani ya duara la mteja hajalivunja duara. Kinga inabaki palepale dhidi ya waandishi wa habari, NCAA na kila mwenye kesi.

Hali chache nilizozitaja mwanzoni ni kama hizi: mdhamini ambaye ndiye anayechunguzwa, au anayekishtaki chuo kwa maslahi yake binafsi, au ambaye bodi imeshaunda kamati yenye mawakili wake kwa ajili ya kushughulika naye. Huyo yuko upande wa pili wa meza, na kumpa faili za mawakili ni kumpa silaha za mpinzani wake. Wale 7 hawakuwa katika hali hiyo. Walikwenda mahakamani kudai nyenzo za kazi yao ya udhamini.

Hoja ya pili inaniumiza zaidi, kwa sababu inawahusu watu. Waliohojiwa walikuwa wafanyakazi wa chuo, makocha, watunza kumbukumbu, watu wa ngazi zote. Walizungumza wakiamini kwamba majina yao hayatatolewa. Wengine huenda walisema mambo mazito juu ya wakubwa wao. Sasa mtu huyo anasikia kwamba watu 7, wenye ugomvi wa wazi na ripoti, watasoma jina lake pembeni ya maneno yake. Hofu yake ni halali. Kwa hiyo yaliyoshindaniwa zaidi katika nyaraka zile yalikuwa majina ya waliohojiwa.

Tatizo ni kwamba ahadi ile haikuwa na mipaka iliyo wazi kwa aliyepewa. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Upjohn mwaka 1981, mawakili wanaohoji wafanyakazi kwa niaba ya taasisi wamezoea kutoa onyo kabla ya kuanza: mimi ni wakili wa taasisi, si wakili wako, siri ya mazungumzo haya ni ya taasisi, na taasisi inaweza kuamua kuyatoa bila kukuuliza. Onyo hili ni la haki, lakini mfanyakazi aliyekaa mbele ya mawakili wawili na daftari husikia neno siri peke yake. Haelewi kwamba siri hiyo haina jina lake. Anaielewa kama ahadi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Taasisi haiwezi kutumia ahadi iliyoitoa yenyewe kumfungia mlango mdhamini wake. Ingekuwa hivyo, kila utawala ungeweza kuzifanya faili zake zisikaguliwe milele kwa kumwahidi shahidi mmoja usiri. Lakini ahadi ile haiyeyuki mdhamini anapoingia, inamfuata. Naye anaingia chini ya wajibu uleule wa kuitunza, na akiivunja ameivunja yeye. Shahidi wa Penn State alistahili kuambiwa hivyo tangu mwanzo: maneno yako hayatachapishwa na jina lako, lakini watu wanaoisimamia taasisi hii kisheria wanaweza kuyasoma. Baadhi wangekataa kuzungumza. Wengine wangezungumza kwa tahadhari zaidi. Huo ndio uamuzi ambao walistahili kuufanya wenyewe.

Nitaje pia kwamba katika sakata hili hili siri ya wakili iliwahi kuvunjwa kwa upande mwingine, na ikawa na matokeo makubwa. Cynthia Baldwin, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa chuo, alitoa ushahidi mbele ya jopo la siri la raia lililopima kama kuna kesi. Januari 2016 mahakama ya rufaa ya jimbo iliona kwamba ushahidi huo ulivunja kinga ya Spanier, Curley na Schultz, ikafuta mashtaka ya kusema uongo chini ya kiapo, kuzuia haki na kula njama. Kwa hiyo anayesema kinga ya mawakili ni kisingizio tu haelewi nguvu yake. Ina nguvu ya kuangusha mashtaka ya jinai. Ndiyo maana ni lazima iwekwe mahali pake na isitumike kama pazia la kila dirisha.

Uamuzi, na baada yake

Novemba 2015 Jaji Daniel Howsare, aliyeletwa kutoka kaunti ya Bedford kusikiliza shauri hilo, aliwapa wadhamini ushindi. Waruhusiwe kuona nyaraka, zikiwemo zile ambazo chuo kilidai zina kinga, na wazitunze kwa siri. Kwangu huo ni uamuzi sahihi kwa sababu uliunganisha vitu viwili ambavyo pande zote zilikuwa zikivitenganisha: haki ya kujua na mzigo wa kunyamaza.

Mzigo huo haukuwa mwepesi. Wadhamini walisoma, kisha wakaandika ripoti yao, ya kurasa 113, yenye tarehe ya Juni 2018. Walidai kwamba mahitimisho ya Freeh juu ya Paterno na utamaduni wa futiboli chuoni hayakuungwa mkono na nyaraka, kwamba kulikuwa na mawasiliano yasiyofaa kati ya timu ya Freeh, NCAA na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na kwamba Freeh alikuwa na mgongano wa maslahi. Waliiwasilisha kwa bodi. Bodi haikuichapisha. Februari 2019 ilivuja, uongozi wa chuo ukalaani uvujaji huo, na Freeh akaitetea kazi yake.

Kuvuja kule kulikuwa hasara, hata kwa anayeamini kila neno la kurasa zile 113. Yeyote aliyeitoa alikipa chuo hoja ambayo jaji alikuwa ameikataa miaka mitatu nyuma: kwamba ukiwapa faili, hazitabaki ndani. Mdhamini atakayefuata, katika shauri lingine, atakutana na hoja hiyo ikiwa na mfano. Wapo waliosema umma ulistahili kuisoma. Nami natamani bodi ingeichapisha ikiwa imeficha majina ya mashahidi. Lakini bodi kuamua kuchapisha na mtu mmoja kuvujisha havilingani, na aliyeomba aaminiwe mbele ya jaji anapaswa kuitunza imani hiyo hata inapomchoma.

Kuna jeraha jingine. Mwaka 2017 mdhamini mwingine wa kambi hiyohiyo ya wahitimu, Albert Lord, aliandika kwamba ameishiwa huruma kwa watu aliowaita "wanaoitwa waathiriwa". Aliomba radhi na kuacha kugombea tena. Hakuna aliyehitaji kauli hiyo ili faili zisomwe. Iliwafanya watu waliodhulumiwa wakiwa watoto waone kwamba kila ukurasa unaofunguliwa unafunguliwa dhidi yao, na iliwapa wapinzani wa ukaguzi sababu ya kusema kwamba hivyo ndivyo walivyotaka tangu mwanzo. Mtu anayedai nyaraka za uchunguzi wa dhuluma anatakiwa aanze kwa kuwalinda waliodhulumiwa, majina yao na hadithi zao, kwa bidii kuliko anavyolinda jina la kocha yeyote.

Mahakama za jinai nazo zilitoa majibu yao wakati faili zikisomwa. Machi 2017 Curley na Schultz walikiri kosa dogo la kuhatarisha ustawi wa watoto. Spanier alipatikana na hatia ya kosa moja la namna hiyo, akaachiwa katika tuhuma ya kula njama, hatia yake ikatenguliwa na mahakama ya shirikisho mwaka 2019, ikarudishwa na mahakama ya rufaa mwishoni mwa 2020, naye akatumikia miezi miwili jela mwaka 2021. Anayetaka kusema Freeh alithibitishwa ana la kushika, na anayetaka kusema alizidisha analo pia. NCAA yenyewe ilikuwa imeshalegeza: Januari 2015 ilipatana katika kesi iliyofunguliwa na Seneta Jake Corman, ikarudisha ushindi 112 uliofutwa, na dola milioni 60 zikaelekezwa kutumika ndani ya Pennsylvania.

Miaka 9 baada ya wale 7, mwaka 2024, mdhamini mwingine aliyechaguliwa na wahitimu, Barry Fenchak, alikwenda mahakama ileile ya kaunti ya Centre kukishtaki chuo kilekile. Yeye hakutaka mahojiano ya Freeh. Alidai taarifa za gharama za kusimamia mfuko wa uwekezaji wa chuo, fedha ambazo kila mdhamini anawajibika nazo, na ilimbidi aajiri wakili ili aziombe.